Jumamosi ya Mwandishi wa Dodoma

Yako maneno yasemwayo mara kwa mara katika vyumba vya walimu wa fasihi, na kwa kuwa husemwa kwa upole hayapati jibu. Maneno yenyewe ni haya: kwamba mtu mwenye ajira na jamaa, akiitumia Jumamosi yake kutunga hadithi ya mitambo na nyota, ametenda makosa mawili. Kwanza, ameidhulumu nyumba yake. Pili, ameiacha fasihi ya kwao akaenda kubisha mlango wa wageni. Mashtaka yote mawili ni batili, na la pili lina madhara zaidi.

La nyumba lisichukue muda mrefu. Shaaban Robert, ambaye hakuna mwalimu wa Kiswahili athubutuye kumwita mtoro wa wajibu, alikuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya umri wake, na katika miaka ya 1940 kazi hiyo ilimfikisha Mpwapwa, katika nyanda hizi hizi za kati. Utenzi wa Hati aliutunga kwa ajili ya binti yake, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe. Watoto hawakumnyang'anya kalamu. Walimpa la kuandika. Waama, kuna jambo moja ambalo wasemaji wa upole hawalitaji. Wanaume wasifiwao kwa kujifungia chumbani wakatunga, mlango wao hulindwa na mwanamke aliye nje, naye pengine ana hadithi yake kichwani huku mikono imo katika beseni la nguo. Kama dhuluma ipo, ipo hapo, na dawa yake ni mume kuteka maji na kuosha vyombo, si kuacha kuandika.

Sasa shtaka la pili. Wasema kwamba riwaya ya kisayansi ni mmea wa Ulaya na Marekani, usioweza kuota katika udongo wa Ugogo. Wamesahau mapema mno. Kusadikika, nchi inayoelea angani, ilichapishwa mwaka 1951, nayo yasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, kutafuta maarifa, wakarudi nayo wakatupwa gerezani. Katama Mkangi naye, katika Walenisi ya mwaka 1995, amempandisha Dzombo katika chombo kinachoruka mpaka ulimwengu mwingine. Wahakiki wameandika mengi juu ya siasa iliyofichwa katika vitabu hivyo, na wamefanya vema. Lakini chombo chenyewe hukipita kana kwamba ni punda aliyefungwa njiani: kipo tu kumfikisha shujaa, hakistahili swali.

Na udongo wa Ugogo una ushahidi wake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kufyeka pori la Kongwa ili kulima karanga. Shabaha ya mradi mzima ilikuwa zaidi ya ekari milioni 3. Yaliletwa matingatinga, na hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Mibuyu iliyashinda matingatinga, udongo wa mfinyanzi ukawa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi na kuvunja majembe ya mashine, na mvua haikufuata hesabu za London. Januari 1951 mradi ukaachwa, hasara yake ikiwa yapata pauni milioni 36. Mwaka ule ule wa Kusadikika! Basi ni nani aliyekuwa mbuni wa mambo yasiyokuwapo: karani aliyeandika juu ya nchi ya angani, au maofisa walioandika juu ya mvua ya Kongwa? Wagogo, ambao wazee wao waliiona njaa ya Mtunya baada ya mwaka 1916, wangaliweza kuisahihisha hadithi ile katika ukurasa wake wa kwanza. Hawakuulizwa.

Hii ndiyo kazi ya riwaya ya kisayansi mahali kama Dodoma: kuujaribu mpango wa kesho juu ya karatasi, ambako makosa hugharimu wino tu. Wala mada haikosekani. Mji huu, uliochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ulikuwa na watu laki 4 na ziada katika sensa ya 2012, ukapita laki 7 na nusu katika ile ya 2022. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka visimani, katika bonde la Makutupora, na wataalamu waliopima visima hivyo kwa zaidi ya miaka 50 wameona kwamba bonde halijazwi na kila masika. Hujazwa hasa na mvua kubwa za miaka michache, kama zile za El Niño ya 1997 na 1998. Mtoto wa leo hunywa maji yaliyoingia ardhini kabla hajazaliwa. Mtungaji wa ng'ambo angelazimika kubuni sayari nzima ili apate jambo kama hilo.

Lakini mwalimu wa chuo atakayeandika riwaya juu yake ataambiwa, mara nyingi, kwamba kwa kupanda cheo yafaa aandike makala kuhusu riwaya za wengine. Hivyo riwaya husukumwa hadi mwisho wa juma, kisha mwisho wa juma wenyewe hufanywa kuwa kosa.

Basi mchukulieni mtu huyo alivyo. Jumamosi asubuhi amejaza madumu, amempeleka mwanawe kunyolewa, ameandika kurasa 2 mezani pa chakula, na katika hizo mji wa mwaka 2080 unahesabu miaka tangu mvua kubwa ya mwisho. Jumapili jioni mtoto, akishika dumu, amwuliza baba maji haya yametoka wapi. Baba ameijibu nusu ya swali, akarudi mezani akaifuta sura ya 3, kwa kuwa hesabu ya visima haikutimia.