Sifa za Morphling Zimezidi Kazi Yake

Nimeshika kalamu kuzungumzia jambo ambalo limezua ubishi si haba mabwenini tangu mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering utuingie. Kuna kadi moja iitwayo Morphling. Wenye nayo humwita Superman, na humsifu utadhani hakuna mwingine chini ya jua. Muhula huu mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza alitoa kadi zake kumi na mbili, zote za kutumika, apewe hiyo moja tu. Je, hiyo ni haki? Mimi nasema la.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, uliundwa na Mmarekani Richard Garfield, ukaanza kuuzwa mwaka wa 1993. Kila mchezaji huanza na pointi 20 za uhai na fungu lake la kadi. Kadi za ardhi humpa nguvu iitwayo mana, nayo ndiyo pesa ya kulipia viumbe na uchawi. Kwa kawaida unaweka ardhi moja tu kila zamu. Basi kiumbe wa mana 5, kama Morphling, si wa kutoka mapema.

Tumpe haki yake kwanza. Morphling alitokea mwaka wa 1998 katika toleo la Urza's Saga. Ni kiumbe wa buluu, mwenye nguvu 3 na uimara 3. Kila ukilipa mana 1 anageuka. Anaweza kupaa. Anaweza kuinuka baada ya kulazwa kwa kushambulia, ili amzuie mpinzani zamu ifuatayo. Anaweza kujificha asilengwe na uchawi wowote. Anaweza pia kuongeza nguvu 1 na kupunguza uimara 1, au kinyume chake. Kinyonga hasa! Enzi zake, wachezaji wa buluu walikuwa wakipangua kila kadi ya mpinzani, kisha wakimtoa Morphling mwishoni kumaliza kazi. Hilo hakuna anayelikana.

Sasa hebu tumpime, jamani. Kwanza, gharama. Zile mana 5 ni za kumtoa tu. Kumgeuza ni pesa nyingine. Ukimtoa ukiwa na ardhi 5 pekee, umebaki mikono mitupu naye yuko uchi. Mpinzani atatoa Lightning Bolt, kadi ya mana 1 inayopiga pigo la 3, na Morphling wako kwisha! Lazima ungoje upate ardhi ya sita, ubakize mana moja ya buluu ya kumfichia.

Pili, kujificha kwake hakumkingi na kila kitu. Wrath of God, ya mana 4, huua viumbe wote mezani bila kumlenga yeyote. Diabolic Edict, ya mana 2, humlenga mchezaji na kumlazimisha atoe kiumbe wake mmoja. Kama unaye Morphling peke yake, basi ni huyo huyo anayekwenda.

Tatu, na hapa ndipo wanaomsifu hunyamaza, kanuni zilibadilika mwaka wa 2009. Zamani ungeweza kulipa 2 awe na nguvu 5 na uimara 1. Pigo la 5 likishapangwa, ungelipa 2 tena arudi kwenye uimara wa 3 kabla ya mapigo kutua. Alipiga kama mkubwa akaumia kama mdogo. Siku hizi mapigo ya vita hutua papo hapo. Akitaka kupiga 5, abaki na uimara 1. Lazima achague. Ile sifa ya Superman ilijengwa kwa sehemu kubwa na ujanja huo, nao haupo tena. Isitoshe, mwaka wa 2013 alitokea AEtherling, naye mgeuza umbo. Huyo hugharimu mana 6, lakini kwa mana 1 hazuiliki, na kwa mana 1 nyingine hutoweka mezani akarudi mwisho wa zamu.

Je, Morphling ni kadi mbovu? La hasha! Katika fungu la buluu lenye ardhi nyingi na mchezaji mwenye subira, mmoja au wawili wanafaa sana. Wanne ni mzigo: utakaa na kadi ghali mkononi huku wenzio wanakupiga. Na kwa anayeanza kujifunza, ambaye anahitaji viumbe wa mana 1, 2 na 3 ili aweze kucheza, kadi kumi na mbili ni bora kuliko huyu mmoja.

Najua mtaniambia kwamba kadi yenyewe ni adimu, maana kampuni imeahidi kutoichapisha tena. Sawa, lakini uadimu ni wa mkusanyaji. Mezani haukuongezei hata pointi moja ya uhai. Anayetaka kuiweka albamu na aiweke, ila asimwambie mtoto wa watu kwamba atashinda kila mchezo.

Pendekezo langu ni hili: kabla ya kubadilishana, mwenye kadi amwazime mwenzake acheze nayo michezo mitatu. Akiridhika, wapeane mikono. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama Morphling ni mfalme kweli, ataonekana mezani bila kupigiwa debe.