Kuku Hakui kwa Siku Kumi na Nne

Binamu yangu ana banda la kuku nyuma ya nyumba ya mama yake, mwendo mfupi tu wa boda kutoka stendi ya Nyansiongo. Desemba 2022, siku chache baada ya Rais Ruto kuzindua Hustler Fund pale Green Park, Nairobi, alibonyeza *254# akiwa amesimama nje ya agroveti. Simu ikafikiria kidogo, kisha ikamjulisha kwamba anastahili mkopo wa shilingi 500.

Mia tano. Na hata hiyo hakuishika yote, kwa sababu asilimia 5 hukatwa na kuwekwa kwenye akiba, sehemu kubwa yake ikiwa ya uzeeni. Kwa hivyo alipata 475 mkononi, na serikali ikamtunzia 25 za kustaafu nazo. Alicheka mpaka mwenye duka akatoka nje kuona kuna nini. Halafu akanunua chakula cha kuku, kile cha kupimiwa kwa kilo, akarudi nyumbani. Wiki mbili baadaye mkopo ulikuwa umeiva. Kuku walikuwa bado wanalia piu piu.

Msinielewe vibaya. Riba ya asilimia 8 kwa mwaka ni nafuu. Piga hesabu: 500 kwa siku 14 inazaa kama shilingi moja na nusu. Zile apu za mikopo tulizozoea, zinazopigia shangazi yako simu ukichelewa, haziwezi kukugusa kwa bei hiyo. Anayesema Hustler Fund ni ghali hajawahi kukopa kwa shylock. Mimi sigombani na bei, nagombana na kalenda.

Kuku wa nyama, yule wa haraka kuliko wote, anataka wiki tano au sita. Wa kienyeji anataka miezi minne, mitano. Kabeji miezi mitatu. Chai, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa Borabu, ukiipanda leo utaanza kuichuma vizuri baada ya miaka mitatu hivi. Sasa niambie wewe unayesoma hii ukiwa ndani ya matatu ya Rongai: ni kitu gani hapa kwetu kinachozaliwa, kikakua na kuuzwa ndani ya siku 14? Nyanya ulizonunua Keroka asubuhi ukaziuza Nyansiongo jioni. Petroli ya boda. Unga wa mandazi. Basi. Muda wa mkopo umeshakuchagulia kazi kabla hujajaza chochote. Ukitaka kuzalisha, pole. Ukitaka kuchuuza, karibu.

Halafu tunashangaa kwa nini kila kijana aliyemaliza fomu foo ana pikipiki, na kwa nini akina mama kumi na wawili wamepanga foleni barabarani wakiuza nyanya ileile kwa bei ileile.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii Nyansiongo yenyewe ilijengwa kwa pesa ya umma yenye subira. Ardhi hii ilikuwa upande wa walowezi. Miaka ya 1960, Uhuru ukibisha hodi, serikali ilinunua mashamba ya Wazungu, ikayakata kuwa skimu za makazi, na wazee wetu wakapewa vipande vyao kwa mkopo. (Ndiyo, Mwafrika alikopeshwa pesa ili ailipie ardhi ya Afrika. Kituko hicho kina makala yake, nitayaandika siku nyingine.) Lakini tazama muda. Deni lile lilikuwa la miaka na miaka. Babu yangu alililipa mpaka nywele zikawa nyeupe, akanung'unika kila barua ilipokuja, na katikati ya kunung'unika huko akapanda chai, akafuga ng'ombe wa gredi, akasomesha watoto. Hakuna aliyemwambia alete pesa kabla ng'ombe hajazaa.

Mjukuu wake, mwenye diploma, anapewa siku 14.

Mtasema kuna hazina zingine. Zipo, tena nyingi. Ile ya vijana ilianza 2006, ya wanawake 2007. Uwezo ikazinduliwa 2013, kwa bilioni 6 zilizokuwa zimetengewa duru ya pili ya uchaguzi wa urais ambayo haikufanyika. Kwenye karatasi, Uwezo ndiyo iliyofikiriwa vizuri: haina riba, ni ada ya asilimia 3 tu, na unapewa miezi sita ya kupumua kabla ya kuanza kulipa. Lakini huwezi kwenda peke yako. Lazima kikundi, kiwe kimesajiliwa, kina akaunti ya benki, kina umri wa miezi sita. Sawa, sisi Wagusii vikundi tunavijua. Shida ni kwamba kikundi cha akina mama 15 kikipewa laki moja, pesa inagawanywa palepale chini ya mti: elfu sita na mia sita na kitu kila mmoja. Hiyo si mtaji. Hiyo ni karo ya nusu muhula, na huko ndiko huenda. Omong'ina mmoja jirani yetu aliniambia kwamba biashara pekee iliyotoka kwenye mkopo wa kikundi chao ni biashara ya kutafutana, maana wawili walihama na waliobaki wakawalipia. Mwenye kampuni kubwa akikopa benki haambiwi alete majirani zake 14 wamdhamini. Ni maskini tu anayetakiwa kuja na kijiji.

Sasa niseme langu. Kuna sheria inayotenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mimi na rafiki zangu wawili tuliiamini. Tukasajili kampuni, tukapata cheti, tukashinda zabuni ndogo ya kupelekea taasisi moja ya umma vifaa vya ofisi. Tulikopa kununua mali. Tukapeleka. Wakapokea, wakatia sahihi, wakatupongeza kwa kuwa vijana wenye bidii. Hiyo ilikuwa miezi 19 iliyopita. Nimeenda mara nyingi hadi askari wa getini ananiita kwa jina la ukoo na kuniuliza mama anaendeleaje. Kila mara faili iko kwa mtu aliye likizo.

Na siko peke yangu. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hurudia wimbo uleule: serikali za kaunti zinadaiwa mabilioni kwa mabilioni na watu waliokwisha kuleta mali na huduma. Kwa hivyo ukitazama pesa inaelekea wapi, ni mwenye biashara ndogo anayeikopesha serikali, bila riba, bila tarehe. Mimi nikichelewesha mia tano, riba yangu inapanda na kiwango changu kinaganda. Wao wakichelewesha laki tatu, wanaitwa waheshimiwa.

Wakati huohuo tikiti ya soko haichelewi. Mkusanyaji anafika kabla nyanya hazijapangwa.

Mnataka kutusaidia? Lipeni mnachodaiwa. Hakuna haja ya tenti, wala kikosi cha ngoma, wala fulana za manjano. Mkishamaliza hapo, tengenezeni mkopo unaojua kuku anakua kwa muda gani. Hata huu mradi wa NYOTA unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao angalau unatoa ruzuku ya shilingi 50,000, hesabu iliyotangazwa ni vijana 70 kwa kila wadi. Borabu ina wadi nne: Nyansiongo, Mekenene, Esise, Kiabonyoru. Hao ni vijana 280. Kaa kwenye stage ya boda siku ya soko uwahesabu waliobaki.

Binamu yangu alilipa ile mia tano kwa wakati. Mamake alimpa, kutoka kwa pesa ya majani chai. Kiwango chake kimepanda tangu hapo na amekopa mara kadhaa. Nilipita kwao Jumamosi nikataka kuona kuku. Banda bado limesimama, mabati ni mazima, waya haujakatika. Ndani anaweka makreti ya nyanya.