Ndege ya mtumba na fedha za kampuni

NDEGE ya makampuni aina ya Gulfstream G550 ilipokuwa mpya iliuzwa kwa dola za Marekani zipatazo milioni 60. Kiwanda cha Savannah, Marekani, kiliacha kuitengeneza mwaka 2021, na zile zilizokwisha tumika miaka mingi sasa hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Hapo ndipo wakurugenzi hushawishika. Wakishaona bei na viti vya ngozi, huiambia bodi kwamba kampuni imepata bahati.

Hatusemi kwamba kila ndege ya namna hii ni anasa. Huweza kuruka kilometa zipatazo 12,500 bila kutua, na kampuni yenye shughuli katika mabara matatu yaweza kuokoa siku nzima za kazi. Lakini bei ya kununulia ndiyo sehemu nyepesi ya mzigo. Ndege haipunguzi ulaji wa mafuta kwa sababu imenunuliwa rahisi. Itakunywa lita 1,500 hivi kila saa kama ilivyokunywa ilipokuwa mpya. Marubani, mafundi na vipuri navyo hulipiwa kwa kiwango cha ndege ya dola milioni 60, si kwa kiwango cha mtumba.

Kwa hiyo yafaa bodi ianze na madaftari ya matengenezo, viti vije baadaye. Kipuri chenye umri maalumu ambacho historia yake haionekani katika madaftari hayo ni sawa na kipuri kibovu, maana sheria za usafiri wa anga hudai kibadilishwe. Ukaguzi mwingine mkubwa hufuata kalenda: ndege iliyolala bandani miaka miwili bado inadaiwa ukaguzi huo, na huenda imepata kutu juu yake. Halafu injini. Wenye ndege wengi hulipa fedha kwa kila saa inayorukwa ili mtengenezaji abebe gharama za kuzifanyia injini matengenezo makubwa. Rolls-Royce, ambayo injini zake ndizo zilizomo katika G550, imekuwa na mpango kama huo tangu mwaka 2002. Ndege iliyo nje ya mpango huonekana rahisi siku ya kununua. Baadaye mnunuzi hukabidhiwa hati ya madai ya mamilioni.

Ukaguzi kabla ya kununua hauna budi kufanywa na karakana ambayo haijapata kuihudumia ndege hiyo. Fundi hapendi kushuhudia makosa yake mwenyewe.

Lakini hata ndege nzima yaweza kuwa ununuzi mbaya. Mwezi Novemba 2008 wakuu wa General Motors, Ford na Chrysler walikwenda Washington kuomba msaada wa dola bilioni 25 za umma. Kila mmoja alikwenda kwa ndege ya kampuni yake, safari isiyofika kilometa 700 kutoka Detroit. Mbunge mmoja aliwataka wanyanyue mikono waliokuja kwa ndege ya abiria wa kawaida, na hapakuwa na mkono ulionyanyuliwa. Mwezi uliofuata walirudi kwa magari. Mwaka 2009 Chrysler na General Motors zilikimbilia ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wao, na maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi. Si ndege zilizoyaangusha makampuni hayo. Hata hivyo, mfanyakazi aliyekuwa akingoja barua ya kupunguzwa alikuwa na haki ya kuuliza ni nani aliyeidhinisha mafuta yale.

Wenye hisa na wafanyakazi wana haki ya kuliuliza swali hilo mapema, kabla mkataba haujatiwa sahihi. Uongozi unaotaka ndege kubwa na uandike safari zote za miaka miwili iliyopita, umbali wa kila moja na idadi ya waliosafiri. Ikiwa nyingi ni za watu watatu kwa muda wa saa mbili, basi nguvu ya kuruka kilometa 12,500 inanunuliwa ili ikae bandani. Orodha hiyo iwekwe mezani kabla fundi hajalipiwa nauli ya kwenda kuikagua ndege.