Moyo Ukisimama, Tusingoje Mashine

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka katika simu zetu. Leo umo katika kundi la ukoo, kesho katika kundi la jumuiya ya kanisa au la msikiti, keshokutwa umerudi kazini, na kila anayeutuma anamsihi mwenziwe awatumie wengine kumi. Unatuambia kwamba mtu aliye peke yake, akihisi moyo unataka kusimama, avute pumzi ndefu na kukohoa kwa nguvu, tena na tena, mpaka afike hospitalini. Watu wenye shahada wanausambaza. Nimeupokea kutoka kwa wanafunzi wangu, na nimeupokea kutoka kwa wahadhiri wenzangu.

Upo na ujumbe wa pili, ambao hauji kwa simu. Huu unakuja na suti na projekta. Katika warsha moja niliyohudhuria, mtoa mada alitueleza kwamba kukandamiza kifua cha mgonjwa kwa mikono ni mbinu iliyopitwa na wakati. Kwamba dunia imehamia kwenye mashine zinazokandamiza zenyewe bila kuchoka. Na kwamba tusipozinunua tutaendelea kubaki nyuma. Ukumbi ulipiga makofi. Hakuna aliyeuliza ni wangapi kati yetu tungeweza kumsaidia mtoa mada huyo iwapo angeanguka pale pale mbele yetu.

Hoja yangu ni kwamba jumbe hizi mbili ni ndugu wa baba mmoja. Wa kikohozi na wa mashine wote wanatafuta mbadala wa jambo ambalo sisi, kama jamii, hatujawahi kulifanya. Hatuna haki ya kuiita mbinu "imepitwa na wakati" ilhali haijawahi kutufikia.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo lugha yetu ya kila siku huyachanganya. Mshtuko wa moyo ni pale mshipa unaolisha msuli wa moyo unapoziba. Mgonjwa huumwa kifua, hutokwa jasho, huhangaika, lakini mara nyingi yu macho na anazungumza. Moyo kusimama ni jambo jingine. Hapo moyo hausukumi tena damu. Mtu huanguka, hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, na hapumui, au hutoa mikoromo ya hapa na pale ambayo walio karibu huidhania kuwa pumzi. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne au tano hivi. Huyu wa pili ndiye ninayemzungumzia.

Ukiielewa tofauti hiyo, ujumbe wa kikohozi unaanguka wenyewe. Anayeweza kukohoa kwa hiari yake, moyo wake haujasimama. Na ambaye moyo wake umesimama hawezi kukohoa. Asili ya habari hii inajulikana. Mwaka 1976 madaktari wa Marekani walieleza kwamba wagonjwa waliokuwa wamelazwa mezani, mirija ikiwa imepitishwa hadi moyoni na mapigo yakionekana kwenye kioo, waliweza kubaki na fahamu kwa muda mfupi sana kama waliamriwa kukohoa mara tu mapigo yalipovurugika. Daktari aliona hatari kwenye kioo kabla mgonjwa hajaihisi. Nani ana kioo hicho ndani ya daladala? Madhara ya ujumbe huu ni dhahiri: mwenye mshtuko wa moyo, ambaye bado ana dakika za kupiga simu na kuita majirani, anazitumia kukohoa.

Sasa tumgeukie wa mashine, maana huyu ana hoja nzito zaidi na anastahili kujibiwa kwa takwimu.

Mbinu anayoidharau ilitangazwa mwaka 1960 kutoka hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Kabla ya hapo, daktari aliyetaka kuurudisha moyo uliosimama alipasua kifua na kuubinya moyo wenyewe kwa mkono. William Kouwenhoven, ambaye hakuwa daktari bali mhandisi wa umeme, pamoja na Guy Knickerbocker na daktari James Jude, walikuwa wakifanya majaribio ya kushtua mioyo ya mbwa kwa umeme. Waligundua kwamba walipozigandamiza kwa nguvu zile sahani za umeme juu ya kifua, shinikizo la damu lilipanda hata kabla ya umeme kupita. Kumbe kifua kikikandamizwa vizuri kutoka nje, damu husukumwa mpaka ubongoni. Uzito wa ugunduzi huo ulikuwa wa kijamii kuliko wa kitabibu: kazi iliyohitaji kisu, chumba cha upasuaji na daktari bingwa, sasa ilihitaji mikono miwili ya mtu yeyote.

Tangu hapo watu wamejaribu kuiboresha, na wamefanya vizuri kujaribu. Mwaka 1990 madaktari wa San Francisco walisimulia kisa cha mtu aliyeokolewa na mwanawe kwa kutumia kile kipira chenye mpini cha kuzibulia choo: kilikandamiza kifua na kisha kukivuta juu. Kutokana na kisa hicho kilitengenezwa chombo cha kukandamiza na kuvuta. Nchini Ufaransa utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliona faida: waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 5 dhidi ya 2. Lakini utafiti wa Canada wa mwaka 1996 haukuwa umeona tofauti yoyote.

Zikaja mashine zenyewe. Mwaka 2006 jaribio la mkanda unaobana kifua kwa nguvu za betri lilisitishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliotumiwa mkanda walionekana kupona wachache zaidi. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya wagonjwa 2,589 wa Uswidi, Uholanzi na Uingereza waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya mashine ya pistoni na mikono. Waliokuwa hai baada ya saa nne: asilimia 23.6 kwa mashine, 23.7 kwa mikono. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti wa Uingereza wenye wagonjwa 4,471. Baada ya siku 30, waliokuwa hai walikuwa asilimia 6 kwa mashine na 7 kwa mikono. Mashine inafaa pale ambapo mhudumu hawezi kusimama imara, kama ndani ya gari linalokwenda mbio. Hilo nalikubali. Lakini kusema kwamba imeishinda mikono ni kusema kisichokuwapo.

Na ile mashine ghali kuliko zote, inayoitoa damu mwilini, kuitia oksijeni na kuirudisha? Jaribio dogo la Minnesota lililochapishwa mwaka 2020, lenye wagonjwa 30, lilionyesha matokeo ya kusisimua: asilimia 43 walitoka hospitalini wakiwa hai dhidi ya 7. Jaribio kubwa zaidi la Uholanzi, mwaka 2023, lilipata asilimia 20 dhidi ya 16 ya walionusurika bila ubongo kuharibika vibaya, tofauti ambayo kitakwimu haiwezi kutegemewa. Nami namwomba msomaji aangalie sharti moja la jaribio hilo la Uholanzi: aliyeingizwa alipaswa kuwa ameshuhudiwa akianguka na kuanza kukandamizwa kifua na watu waliokuwa karibu. Mashine ghali kuliko zote inaanza kazi mahali ambapo mikono ya mpita njia imeishia.

Basi ni kitu gani kimebadilisha hesabu ya vifo? Tazama Denmark. Mwaka 2005 nchi hiyo iliyaingiza mafunzo ya kuokoa maisha katika shule za msingi, na mwaka uliofuata ikayafanya sharti la kupata leseni ya udereva. Mwaka 2001, kati ya watu walioangukia nje ya hospitali, asilimia 21.1 walikandamizwa kifua na walio karibu. Kufikia 2010 walikuwa asilimia 44.9. Waliokuwa hai baada ya siku 30 walipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Watafiti wenyewe wanakiri kwamba mambo mengine pia yaliboreshwa katika miaka hiyo. Hata hivyo, hakuna hata moja ya mbinu mbadala nilizozitaja iliyokaribia kuleta badiliko la namna hiyo kwa taifa zima. Ulimwengu ulipomwona Christian Eriksen akianguka uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 na kurejea, wengi wetu tuliita muujiza. Mimi naona pia nchi iliyokuwa imefundisha watu wake.

Jimbo la Arizona, Marekani, lilikwenda hatua nyingine: liliwafundisha wananchi kukandamiza tu, bila kupuliza pumzi mdomoni. Kati ya watu wazima walioanguka, waliosaidiwa kwa njia hiyo walipona asilimia 13.3; waliokandamizwa na kupuliziwa, asilimia 7.8; ambao hawakuguswa, 5.2. Hii ndiyo njia mbadala pekee ninayoitetea, kwa sababu inapunguza mzigo wa mfundishwaji badala ya kuuongeza. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha mikono, kandamiza sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na uache kifua kipande kila baada ya mkandamizo. Asiyetaka kugusa mdomo wa mtu asiyemjua hana tena udhuru.

Lakini tusidanganyane. Njia hiyo ni ya mtu mzima aliyeanguka ghafla. Mtoto, na aliyeopolewa majini, kwanza amekosa pumzi. Kwake kupuliziwa hewa ni lazima. Kwa wakazi wa kando ya Ziwa Victoria na wa mwambao wetu, somo lisilofundisha pumzi litakuwa nusu somo. Na kumning'iniza aliyezama kichwa chini ili maji yamtoke ni kupoteza dakika zake. Wazungu nao walifanya maajabu yao: katika karne ya 18 waliozama London na Amsterdam walipulizwa moshi wa tumbaku kupitia njia ya haja kubwa, na waliofanya hivyo walikuwa waungwana wasomi. Waliacha walipopata kilicho bora. Nasi tuache.

Najua pingamizi linalokuja, na linatoka kwa madaktari ninaowaheshimu. Wanasema: mikono peke yake haiamshi moyo. Inahitajika mashine ya kuushtua kwa umeme, gari la wagonjwa, na chumba cha uangalizi maalumu. Bila hivyo unamkandamiza maiti. Ni kweli kwa sehemu. Mikono hununua muda. Umeme ndio unaorudisha mapigo yaliyovurugika. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyeanguka uwanjani London mwaka 2012 na ambaye moyo wake haukudunda wenyewe kwa dakika 78, aliokolewa na vyote kwa pamoja. Ila pingamizi hili lina mpangilio uliopinduka. Gari la wagonjwa likifika kwa mtu ambaye hakuguswa kwa dakika ishirini, mitambo yake yote itathibitisha kifo tu. Tuanze na mikono, kisha mashine za kushtua moyo viwanjani, bandarini na katika vituo vya mabasi, kisha magari. Anayeanza na mwisho ananunua paa kabla ya msingi.

Na tusiseme kwamba mafunzo rahisi hayafui dafu Afrika. Tanzania yenyewe imeshatoa ushahidi, tena kwa wagonjwa wadogo kuliko wote. Wakunga na wauguzi wa hospitali nane walifundishwa kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua: kumkausha, kumchangamsha, na kumpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya ndani ya saa 24 za mwanzo vikishuka kwa asilimia 47. Walichopewa ni mwanasesere wa kujifunzia, vifaa vichache, na imani kwamba mkono wa mkunga ukifunzwa unaokoa.

Yamebaki mambo matatu yanayoifunga mikono yetu. La kwanza ni hofu: "ukimgusa akafa, wewe ndiye uliyemuua." Hofu hii itaondolewa na sheria iliyo wazi inayomlinda msaidizi mwenye nia njema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Ni hatua, lakini dharura huanzia barabarani. La pili ni haya. Mwanamke akianguka, wanaume hurudi nyuma wasimguse kifua. Nasema wazi kwamba stahaha inayomwacha mama wa watu afe mbele ya umati haina heshima yoyote ndani yake. La tatu ni kauli ya "siku yake imefika." Siku anaijua Mungu. Sisi hatukupewa kalenda yake; tumepewa mikono.

Kwa hiyo nadai, na wala siombi. Wizara za elimu ziweke saa mbili kwa mwaka kuanzia umri wa miaka 12, kama ilivyopendekezwa katika tamko ambalo Shirika la Afya Duniani liliunga mkono mwaka 2015. Shule za udereva zisitoe cheti kwa asiyejua kukandamiza kifua. Vijana wa JKT wafundishwe kama wanavyofundishwa kwata. Bodaboda, ambao karibu kila mara hufika kabla ya mtu mwingine yeyote, wafundishwe kijiweni pao. Vyuo vikuu, kikiwamo changu, vianze na watumishi wake. Mto uliokazwa vizuri unatosha kujifunzia.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Huenda ni kweli mezani. Kwa aliyelala sakafuni bila mapigo, mkono mtupu wa aliye karibu ndio wa kwanza kuhitajika, na kila dakika tunayoitumia kujadili mashine ipi tununue, yeye anaipoteza.