Jifiche, Ila Utuachie Anwani!

Kijana wa kijiweni, kuanzia Bunju hadi Bagamoyo, unakumbuka Oktoba 2023? TCRA ilitaka watumiaji wa VPN wajisajili na kutaja anwani zao za IP kabla ya mwezi kwisha. Eti anayejificha apeleke mwenyewe ramani ya maficho!

VPN ni bahasha iliyofungwa: mlinzi haoni barua, lakini bahasha anaiona. Wajanja walishapita hapo. Kabla tovuti haijafunguka, simu huuliza anwani yake kwa jina, na kila kipande cha jina hubeba hadi herufi 63. Ujumbe unakatwakatwa, unavishwa sura ya majina, unapita getini kama swali la kawaida. Polepole mno, lakini unapita. (Wezi wa data nao wanaijua njia hiyo, tusidanganyane.)

Mei 2025 X ikafungwa, watu wakakimbilia VPN. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, hawakuhangaika tena na bahasha. Wakakata barabara yenyewe, nchi nzima, siku kadhaa. Ujumbe wa siri hujificha ndani ya umati. Safari hii hapakuwa na umati.

Wewe wa bodaboda unayepata abiria kwa simu, siku zile nani alikulipa?