Jina la Mshonaji

Wapo watu wasemao kwamba kushona ni kazi ya mtu aliyeshindwa na kitabu. Msichana akipungukiwa alama katika mtihani huambiwa, "Basi, nenda ukashike cherehani," kana kwamba cherehani ni adhabu. Kauli hii ni dhuluma.

Vivienne Westwood, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1941, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kitabu hakikumshinda, alipenda sindano zaidi. Mwaka 1971 alifungua duka mjini London pamoja na Malcolm McLaren, na hadi alipofariki mwaka 2022 ubunifu wake ulikuwa umegeuza uvaaji wa wanawake katika nchi nyingi. Mwaka 1992 Malkia wa Uingereza alimtunuku nishani.

Sifa hizo ni haki yake. Lakini mwaka 2011 mikoba yenye jina lake ilikuwa ikitengenezwa hapa Nairobi, katika mpango wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa. Maturubai makuukuu, mabango ya barabarani na mabaki ya ngozi yalikatwa yakashonwa. Huko Kibera makufuli mabovu na vipande vya injini viliyeyushwa vikawa mapambo. Takataka zetu zilipata thamani kwa mikono ya mafundi wetu. Wenye mpango walitangaza kwamba huo haukuwa msaada bali kazi. Vema! Ikiwa ni kazi, mbona aliyeitenda hana jina? Mchoraji hutia jina lake pembeni mwa picha, na mwandishi juu ya jalada. Mshonaji hufichwa ndani ya pindo.

Watajibu kwamba jina mashuhuri ndilo liuzalo mkoba. Ni kweli, lakini jina haliwezi kuuza mkoba usioshonwa, wala jina la pili halilipunguzi la kwanza.

Wala tusimlaumu mgeni peke yake. Katika vibaraza vya Kibera na Kawangware, akina mama huinamia cherehani kutwa nzima wakishona sare za shule. Sisi huwapunja bei, huwahimiza wamalize haraka, kisha hatuwajui hata majina. Kijana msomaji, shati ulilovaa lilishonwa na nani? Ikiwa fundi wake yu jirani yako, kamuulize jina, umlipe ujira wake kamili, na usikubali tena cherehani itajwe mbele yako kama laana.