Mkubwa asiyetaniwa asitanie



Nina dukuduku juu ya jambo linalowakera wafanyakazi wengi. Jambo lenyewe ni tabia ya baadhi ya wakubwa wa kazi kuwafanyia mzaha walio chini yao, kisha wakauita utani.

Sisi Watanzania tunaujua utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, na leo ni watani. Wanyamwezi na Wazaramo nao ni watani, na wazee hutueleza kwamba mambo hayo yalianza zama za misafara ya kwenda pwani. Utani huo una kanuni zake. Kwanza, anayetania naye hutaniwa. Pili, mtani ana wajibu: msiba ukitokea, yeye hufika kusaidia kazi na kuwachekesha wafiwa. Ndiyo maana maneno yake, hata yakiwa makali, hayaleti ugomvi.

Je, mzaha wa mkubwa wa kazi una kanuni hizo? Hauna. Yeye hutania, lakini ole wake karani atakayemjibu! Watu wanacheka kwa sababu mkubwa ndiye anayetia sahihi likizo na ndiye anayependekeza nani apandishwe cheo. Hicho ni kicheko cha woga.

Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi alikuwapo mtunza ghala mwenye kigugumizi. Siku moja mkutanoni, alipokuwa akitoa taarifa yake, mkubwa wetu alimwigiza mbele ya wote. Tangu siku ile bwana yule hakufungua kinywa tena mkutanoni. Mvua zilipoanza, paa la ghala likavuja juu ya saruji. Aliona, akanyamaza. Tulipokuja kujua, mifuko mingi ilikwisha ganda kama mawe. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Wapo watakaosema kwamba nataka watu wafanye kazi wamenuna. La hasha! Kicheko hupunguza uchovu na huwakaribisha wageni kazini. Wapagazi, makuli na wavuvi wote wanalijua hilo. Ninachopinga ni mzaha wa upande mmoja, na hasa ule unaogusa kabila la mtu, maumbile yake au ulemavu wake. Tena sheria ipo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi na unyanyasaji wa mfanyakazi kwa sababu ya kabila, dini, jinsia, ulemavu, umri na mengineyo. Humo sikuona mahali palipoandikwa kwamba mwenye kunyanyasa huku akicheka amesamehewa.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Mosi, mkubwa anayependa mzaha aanze kujitania mwenyewe, na akijibiwa acheke. Pili, amri ya kazi na onyo visitolewe kwa mzaha, maana mfanyakazi hatajua ameagizwa au amechekeshwa. Na onyo litolewe faraghani. Tatu, viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi wasiyapuuze malalamiko ya namna hii kwa kusema "alikuwa anatania tu". Wamuulize mlalamikaji swali moja: je, ungeweza kumjibu? Kama hakuweza, basi ule haukuwa utani.

Ofisi ambayo mdogo anaweza kumtania mkubwa, na kesho yake akampelekea habari mbaya bila kuogopa, hiyo ndiyo yenye utani wa kweli.

Mtani wa Kweli,
Morogoro.